Uchaguzi na maradhi: Mgonjwa wa Mbekenyera angepigia kura wapi?

Na Mwandishi Wetu

JULAI 7, 2022, Wizara ya Afya ilipokea taarifa kutoka mkoani Lindi kwamba Mbekenyera, wilayani Ruangwa, wameonekana wagonjwa wenye homa, maumivu makali ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Hadi Julai 13 idadi yao ilikuwa imefika 13, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia. Vipimo vilionyesha kwamba haikuwa Ebola, haikuwa Marburg, wala haikuwa Uviko-19. Ilikuwa ni nini basi? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu lilipatikana Julai 18, pale aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipotangaza kwamba ugonjwa huo ni homa ya mgunda, maradhi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama na kumfikia binadamu kupitia maji au udongo uliochafuliwa kwa mkojo wao. Wakati huo wagonjwa walikuwa 20. Vifo vilibaki vitatu.

Kati ya taarifa ya kwanza na jibu zilipita siku 11. Katika siku hizo baadhi ya watu waliwekwa karantini, wataalamu walitumwa Lindi, na wananchi wa ukanda mzima wa Marambo, yaani wilaya za Ruangwa na Nachingwea, waliishi na hofu ya ugonjwa usio na jina. Bahati njema mwaka 2022 haukuwa wa Uchaguzi Mkuu. Lakini nchi hii hufanya uchaguzi huo kila baada ya miaka mitano, na maradhi hayana kalenda. Endapo siku ya kura ingeangukia katikati ya zile siku 11, mkazi wa Mbekenyera aliyekuwa karantini angepigia kura wapi? Na jirani yake aliye mzima angejua vipi kama ni salama kusimama kwenye foleni?

Ukitafuta jibu katika sheria za uchaguzi, hulipati.

Utaratibu wa Tanzania unamtaka mpiga kura afike mwenyewe, kwa miguu yake au kwa kubebwa, kwenye kituo alichojiandikisha. Hakuna kura ya posta. Hakuna kumtuma mtu akupigie. Mwenye ulemavu au asiyejua kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, na wazee, wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga hupewa kipaumbele kwenye foleni. Hayo ni mema, lakini yote yanamhusu mtu ambaye tayari ameshafika kituoni. Aliyelazwa katika Hospitali ya Mnero wilayani Nachingwea siku ya kura, hata kama ni kwa kuvunjika mguu tu, kura yake imempita. Aliyetengwa kwa amri ya mganga ili asiwaambukize wenzake naye imempita, tena yeye kwa kutii sheria nyingine ya nchi hii hii, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009.

Pengine mtu atasema: kukiwa na maradhi makubwa, uchaguzi uahirishwe. Hapo nako kuna ukuta. Katiba, katika ibara ya 42, inaruhusu kipindi cha Rais kuongezwa pasipo uchaguzi iwapo nchi iko vitani dhidi ya adui, na hapo Bunge ndilo linalopitisha azimio, kwa muda usiozidi miezi sita kila mara. Ibara hiyo inazungumzia vita. Haizungumzii kipindupindu wala corona. Walioandika Katiba mwaka 1977, na hasa walioifanyia marekebisho baada ya Vita ya Kagera, walikuwa na kila sababu ya kufikiria mizinga kabla ya vijidudu.

Na yawezekana ni heri ilivyo. Mlango wa kuahirisha uchaguzi ukishafunguliwa kwa sababu ya homa, kila mtawala asiyetaka kwenda kwa wapiga kura atajikuta ana homa. Ushahidi wa jambo hilo haupo mbali. Uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Funzo la Beni

Agosti 1, 2018, Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika jimbo la Kivu Kaskazini. Uchaguzi wa Rais, uliokuwa umecheleweshwa kwa miaka miwili, ulipangwa kufanyika Desemba 30 mwaka huo. Siku nne kabla, yaani Desemba 26, Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo, CENI, ilitangaza kwamba upigaji kura katika maeneo ya Beni na Butembo, pamoja na Yumbi huko magharibi, umeahirishwa hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo.

Tatizo ni kwamba Rais mpya alitakiwa kuapishwa Januari. Félix Tshisekedi aliapishwa Januari 24, 2019. Kwa maneno mengine, zaidi ya wapiga kura milioni moja wa eneo lililojulikana kwa upinzani walipangiwa kumpigia kura ya urais mtu ambaye angekuwa ameshakaa Ikulu. Hilo si kuahirishiwa kura. Walifutwa.

Wananchi wa Beni, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili kama wa Nachingwea wanavyozungumza, waliuliza swali moja rahisi: masoko yako wazi, makanisa yako wazi, shule ziko wazi, iweje sanduku la kura peke yake ndilo liambukize? Desemba 27 waandamanaji waliokasirika walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini humo. Siku ya kura wakazi wa Beni walijipanga wenyewe mistari, wakafanya uchaguzi wa mfano usiotambuliwa na yeyote, huku wakinawa mikono kabla ya kupiga kura.

Ipo sehemu ya kisa hicho inayopaswa kusomwa mara mbili. Kuzuia kura kwa kisingizio cha afya hakukulinda afya. Kazi ya kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa na ya kutoa chanjo ilikwama kwa siku kadhaa kwa sababu ya vurugu, na imani ya wananchi kwa wahudumu wa Ebola, iliyokuwa ndogo tangu mwanzo, ilipungua zaidi kwa kuwa sasa ugonjwa ulionekana kuwa ni hila ya kisiasa. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika Juni 25, 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki dunia. Hakuna anayeweza kusema ni vifo vingapi kati ya hivyo vilitokana na hasira ya Desemba. Lakini daktari yeyote wa milipuko atakwambia kwamba mgonjwa asiyemwamini mganga hujificha, na anayejificha huambukiza.

Kipindupindu cha 2015, corona ya 2020

Tanzania yenyewe si mgeni wa jambo hili, ingawa husahau haraka. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya Bara. Kampeni za Uchaguzi Mkuu zilikuwa zimepamba moto. Viwanja vilijaa, watu walinunua chakula na maji ya kunywa barabarani, na Oktoba 25 nchi nzima ilikwenda kupiga kura huku kambi za wagonjwa zikiwa bado zinapokea watu. Wapiga kura walikuwa 15,589,639 kati ya 23,161,440 walioandikishwa, sawa na asilimia 67. Mjadala wa afya ya umma ulikuja baadaye, Desemba 9, pale Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuamuru nchi nzima ifagie. Kufagia kulikuja baada ya kura.

Miaka mitano baadaye ikaja corona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na shule zikafungwa mara moja. Kamati ya kitaifa ya kupambana na ugonjwa huo iliongozwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye ndiye alikuwa Mbunge wa Ruangwa. Tume ya Taifa ya Uchaguzi nayo iliendelea na uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, awamu ya pili, katika miezi ya Aprili na Mei, wakati hofu ikiwa juu kuliko wakati mwingine wowote.

Kisha takwimu zikanyamaza. Taarifa ya Aprili 29 ilitaja wagonjwa 480 na vifo 16, na baada ya hapo Serikali ya Muungano haikutoa tena hesabu ya nchi nzima hadi mwaka uliofuata. Juni 2020 Rais Magufuli alitangaza kwamba nchi iko huru dhidi ya ugonjwa huo kwa nguvu za maombi. Kampeni zilianza Agosti 26, mikutano ikajaa, barakoa zikawa nadra kama mvua ya Septemba kusini.

Matokeo ya Oktoba 28, 2020 yanafahamika. Walioandikishwa walikuwa 29,754,699. Waliopiga kura walikuwa 15,091,950, yaani asilimia 50.72. Daftari lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya watu milioni sita na nusu tangu mwaka 2015, lakini idadi ya waliojitokeza ilipungua kwa karibu nusu milioni.

Itakuwa si haki kuitwika corona mzigo huo wote. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na wagombea ubunge 28 wa Chama cha Mapinduzi walipita bila kupingwa, Majaliwa wa Ruangwa akiwa mmoja wao. Mwananchi wa Nandagala au Mnacho hakupewa karatasi ya mbunge kabisa siku hiyo. Anayejua tayari kwamba moja ya maswali matatu limekwisha kujibiwa ana sababu ndogo ya kuamka alfajiri. Hata hivyo, kutokana na kutokuwapo takwimu, hakuna njia ya kujua ni wazee wangapi walibaki nyumbani kwa kuogopa kikohozi cha jirani. Nchi iliyoamua kutohesabu wagonjwa haiwezi baadaye kuhesabu walioogopa.

Hesabu ya foleni

Tukiacha siasa, iko hesabu ndogo ambayo maofisa wa uchaguzi wangefaa kuifanya kabla ya mlipuko mwingine.

Mwaka 2020 kulikuwa na vituo 80,155 vya kupigia kura nchini. Ukigawa walioandikishwa kwa vituo hivyo unapata wastani wa watu 371 kwa kila kituo. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, ingawa aliyekuwa kwenye foleni muda huo huruhusiwa kumaliza. Hizo ni saa tisa. Kama wote 371 wangejitokeza, kila mmoja angekuwa na sekunde 87 tu: kuonyesha kadi, jina kutafutwa kwenye daftari, kupewa karatasi, kwenda kwenye kituturi, kuweka alama ya vema, kutumbukiza karatasi katika masanduku na kuchovya kidole kwenye wino.

Ongeza kunawa mikono kwa sabuni, sekunde 20. Ongeza kupimwa joto. Ongeza mwendo wa hatua moja au mbili kati ya mtu na mtu. Foleni ya watu 100 waliosimama kwa umbali wa mita moja na nusu ni mita 150, na katika shule nyingi za msingi za Marambo foleni ya namna hiyo inatoka nje ya kiwanja na kuishia juani. Oktoba jua la kusini ni kali, mvua bado hazijafika. Mzee wa miaka 75 aliyetoka kibandani kwake shambani kuwahi kituo hawezi kusimama hapo saa tatu. Atarudi. Na akirudi, hakuna kitabu kinachoandika kwamba alikuja.

Mwaka 2020 hesabu hiyo haikuwaumbua wasimamizi kwa sababu nusu ya watu hawakuja. Utaratibu wa afya unaofanya kazi kwa kutegemea kwamba wananchi hawatajitokeza si utaratibu.

Dawa yake inajulikana: vituo vingi zaidi vyenye watu wachache zaidi, au saa nyingi zaidi, au siku zaidi ya moja. Kila moja ina gharama. Vituo vingi vinahitaji makarani wengi, na kila chama kinahitaji mawakala wengi, jambo ambalo vyama vidogo havilimudu katika kata za mbali kama Kilimarondo. Siku mbili za kura zinahitaji masanduku yalale mahali, na hakuna mpinzani nchini atakayekubali kulala wakati sanduku limelala. Kilichobaki bila ugomvi mkubwa ni kuongeza saa na kuwapangia wazee na wagonjwa saa yao ya asubuhi, badala ya kutegemea huruma ya walio mbele.

Vilevile si kila ugonjwa unataka kinga ileile, jambo ambalo husahaulika pale kila wilaya inapopelekewa ndoo na barakoa kwa mkupuo. Corona husafiri kwa hewa. Inataka madirisha wazi, turubai badala ya chumba, na nafasi kati ya watu. Kipindupindu kinataka maji safi na choo kinachofaa katika kituo ambacho watu watakaa saa kadhaa, na kinataka mama lishe wa pembeni akaguliwe. Ebola na Marburg huambukiza kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa; hapo chupa moja ya wino inayochovywa vidole 371 inahitaji kutafakariwa, pengine wino uwekwe kwa kijiti. Na mgunda? Mgunda hauambukizi kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Foleni ya Mbekenyera Julai 2022 haikuwa na hatari yoyote ya pekee. Hatari ilikuwa kwenye maji na udongo.

Lakini hilo lilijulikana Julai 18. Julai 12 ofisa yeyote mwenye busara angeifunga kata nzima, na kwa nia njema kabisa angewanyima kura maelfu ya watu kwa kuwakinga na kitu ambacho hakikuwapo kwenye foleni. Kwa hiyo suala la kwanza la ulinzi wa kura wakati wa maradhi si sabuni. Ni kasi ya maabara, na uaminifu wa kutangaza kilichopatikana. Sampuli kutoka Lindi zilisafirishwa kwenda maabara za mbali, majibu yakasubiriwa. Kila siku inayopunguzwa katika safari hiyo ni siku inayorudishwa kwa mpiga kura.

Mbona sensa iliwafikia?

Agosti 23, 2022, mwezi mmoja na siku chache baada ya mgunda kutangazwa, Serikali ilifanya Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walikwenda nyumba kwa nyumba Ruangwa na Nachingwea kama kwingineko. Walifika kwenye vibanda vya mashambani ambako watu hukaa kulinda mazao dhidi ya tembo na nguruwe, wakafika hospitalini na katika nyumba za wageni. Mkoa wa Lindi ukahesabiwa kuwa na watu 1,194,028. Serikali ilipotaka kumjua mtu, ilimfuata alipo.

Kura haimfuati mtu. Humsubiri. Na katika ukanda wa Marambo kusubiri huko kuna bei yake hata pasipo ugonjwa wowote. Uchaguzi wa Oktoba hugongana na msimu wa korosho, wakati familia nyingi ziko porini zikiokota na kuanika kwa ajili ya minada ya chama kikuu cha RUNALI. Vijiji vya pembezoni viko mbali na usafiri wa uhakika. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza iling'olewa tangu mwaka 1962, na Nachingwea imebaki na kata inayoitwa Stesheni isiyo na treni. Weka juu ya hayo amri ya kutosafiri kata hadi kata kwa ajili ya karantini, na mtu aliyejiandikisha kijijini huku yuko shambani upande wa pili ameondolewa daftarini bila jina lake kufutwa.

Wapo watakaosema kupeleka sanduku kwa mgonjwa ni ndoto za nchi tajiri. Korea Kusini, mathalani, ilifanya uchaguzi wa wabunge Aprili 15, 2020, waliokuwa na homa wakapigia kura kwenye vituturi vya peke yao, na waliokuwa karantini bila dalili wakaruhusiwa kutoka kwa muda kupiga kura baada ya wengine kumaliza. Waliojitokeza walizidi asilimia 66, kiwango kikubwa kuliko chaguzi zote za wabunge nchini humo kwa zaidi ya miongo miwili. Korea wana fedha, ni kweli.

Lakini hakuna haja ya kwenda Korea. Tanzania yenyewe imekwisha kulifanya jambo gumu kuliko hilo. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichowanyima wafungwa haki ya kupiga kura kinakwenda kinyume na Katiba. Katika uboreshaji wa daftari ulioanza Julai 2024 mkoani Kigoma, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipanga vituo 130 vya kuandikisha ndani ya magereza ya Bara na vingine 10 katika vyuo vya mafunzo vya Zanzibar. Lilikuwa jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani kwa sababu za usalama. Likawezekana.

Sasa ikiwa karani wa uchaguzi anaweza kupita geti la gereza, akakaguliwa, akaingia na daftari lake, ni kipi kinachomzuia kupita geti la wodi ya karantini akiwa na mavazi ya kinga na mhudumu wa afya pembeni yake? Mfungwa amefungwa kwa kosa. Mgonjwa hana kosa.

Afya isiwe rungu

Upande wa pili wa sarafu upo, na ungefaa kuwekwa wazi kwa wale wanaodhani kila hatua ya kiafya ni njema kwa kuwa ni ya kiafya.

Uganda iliingia katika uchaguzi wa Januari 14, 2021 kwa kile kilichoitwa uchaguzi wa kisayansi. Mikutano mikubwa ilipigwa marufuku, na baadaye idadi ya watu ikawekewa kikomo cha 200. Novemba 18, 2020 mgombea urais Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, alikamatwa huko Luuka kwa madai ya kuvunja masharti hayo. Maandamano yaliyofuata yalizimwa kwa risasi na watu 54 waliuawa kwa mujibu wa takwimu za Serikali yenyewe. Corona haikuua watu 54 nchini Uganda katika siku hizo mbili.

Burundi ilikwenda kinyume kabisa. Uchaguzi wa Mei 20, 2020 ulifanyika bila tahadhari za maana, mikutano ikafurika, huku waangalizi kutoka nje wakitakiwa kukaa karantini siku 14, sharti ambalo kwa bahati iliyoje lilimaanisha wangetoka baada ya kura kuhesabiwa. Kenya ilichukua njia ya kati: Machi 2020 tume yake, IEBC, ilisimamisha chaguzi ndogo, kisha ikazirejesha baada ya kuandaa taratibu za barakoa, kupima joto na kunawa mikono. Wapiga kura wa Msambweni walikwenda vituoni Desemba 15 mwaka huo. Walicheleweshewa mwakilishi kwa miezi, lakini hakuna aliyeapishwa kwa niaba yao.

Kwa Tanzania, hoja hii ina uzito wa pekee baada ya Oktoba 29, 2025. Uchaguzi huo uliandamana na ghasia, vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam na kuzimwa kwa intaneti nchi nzima. Katika mazingira hayo, ofisa wa afya atakayesimama kesho na kusema watu wapungue ndani ya kituo atasikilizwa kwa sikio la mashaka. Wa kwanza kupungua chumbani ni nani, karani au wakala wa chama? Mwaka 2020 vyama vya upinzani vililalamika kwamba mawakala wao walizuiwa kuingia vituoni hata bila kutajwa ugonjwa. Sharti lolote la nafasi kati ya watu lisilotamka waziwazi kwamba wakala haguswi litapokelewa kama mtego, na huenda likawa.

Ndiyo maana mwongozo wa namna hii hauwezi kuandikwa wakati wagonjwa wako wodini na masanduku yako njiani. Unaandikwa wakati wa utulivu, vyama vyote vikiwa mezani, ili siku ya siku ikifika kila mtu awe anajua nani ana mamlaka ya kutangaza nini. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Namba 1 ya mwaka 2024 ilikuwa nafasi ya kwanza baada ya corona. Ilipita bila utaratibu wa kumpelekea kura mtu aliyetengwa kwa ugonjwa, ingawa nchi ilikuwa imetoka kwenye Uviko-19, ikapita kwenye mgunda wa Ruangwa, na Machi 2023 ikapambana na Marburg mkoani Kagera, ambako watu tisa waliugua na sita kufariki dunia. Marburg ilirudi Kagera, wilayani Biharamulo, Januari 2025, ndani ya mwaka wa uchaguzi. Ilitangazwa kumalizika Machi 13. Ingechelewa miezi saba, Biharamulo ingekuwa Beni nyingine.

Nafasi ijayo haiko mbali. Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, kwa hiyo kabla ya mwaka 2030 makarani watarudi Marambo wakiwa na mashine zao. Kabla ya hapo, mwaka 2029, utakuja uchaguzi wa Serikali za Mitaa, ambao hauendeshwi na Tume hiyo bali na wizara yenye dhamana ya tawala za mikoa, kwa orodha nyingine na kanuni nyingine. Mwongozo ukiandikwa kwa ajili ya mmoja bila mwingine, mwenyekiti wa kijiji atachaguliwa kwa utaratibu mmoja wa karantini na mbunge kwa mwingine, katika shule ileile, na pengine mbele ya mganga yuleyule aliyeandika taarifa ya Julai 7.